Kuhudumia wanawake walio gerezani: mwongozo kamili kwa vikundi vya makanisa Kigoma na Tabora

Kwetu huduma ya gerezani huwa na msimu wake, na msimu wenyewe ni Desemba. Kwaya inapanda kosta, umoja wa wanawake unachanga sabuni na sukari, mchungaji anahubiri uwanjani mbele ya wanaume waliojaa, picha ya pamoja inapigwa nje ya geti, basi, mpaka Desemba nyingine. Wanawake ni wachache. Katika gereza kama Bangwe hapa Kigoma Ujiji, au Uyui kule Tabora, wao ni kundi dogo ndani ya gereza la wanaume, na ibada ikifanyika uwanjani pengine wanaisikilizia ng'ambo ya ukuta.

Mwongozo huu ni wa kikundi kinachotaka kwenda upande wa wanawake na kuendelea kwenda. Mwanaume akifungwa, mkewe au mama yake atapanda basi na kapu lake, hata kwa kukopa nauli. Mwanamke akifungwa, mara nyingi mume anaoa, mawifi wanagawana watoto, na ndugu zake wa damu wanaona haya. Ukiongeza umbali, kwa mfano mwanamke wa Kakonko aliyefungwa Kigoma mjini au wa Sikonge aliyefungwa Tabora, miaka inaweza kupita hajaitwa jina lake na mtu wa nje. Mahubiri atayasikia. Anachokosa ni mgeni aliyekuja mwezi uliopita na mwezi huu amekuja tena. Kila hatua hapa chini imepangwa kwa kuangalia hilo.

1. Tafuta watu kabla ya barua

Wanawake watano au sita wanatosha. Kumi na tano ni wengi mno. Chumba hakitoshi, na askari wa zamu atachoka na upekuzi kabla hamjaanza. Wasiwe wote waimbaji. Mmoja awe muuguzi au mwalimu, mmoja mama mtu mzima aliyelea wajukuu, na angalau mmoja ajue lugha ya nyumbani. Kigoma hilo halikwepeki: kuna wanawake wa Kasulu vijijini ambao Kiha ndicho kinachowatoka wakilia, na kuna wakimbizi wa Burundi na Kongo kutoka kambi za mkoani ambao Kiswahili chao ni cha kubabaisha. Kiha na Kirundi vinasikilizana vya kutosha, kwa hiyo mama mmoja Muha anaweza kubeba makundi mawili. Tabora tafuteni anayejua Kinyamwezi. "Mwakeye" ya Kigoma na "Mwangaluka" ya Tabora zinafungua mdomo wa mtu haraka kuliko "Bwana Yesu asifiwe", na zinamfikia hata asiye Mkristo.

Chekecheni wenye midomo. Atakayosikia mjumbe wa kikundi ndani ya gereza hayaendi kwenye kikao cha kanda wala kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa jina la "ombi la maombi". Hasa kwa jina hilo.

Kisha jiulizeni swali la nauli. Kama ziara inategemea sadaka maalumu ya kila mwezi, itakufa Machi, mvua zikiwa zimechachamaa na ada za shule zimekomba mifuko. Bora kikundi kidogo kinachokwenda kwa nauli yake mara moja kwa mwezi kuliko kikubwa kinachosubiri fungu la kanisa.

2. Kibali

Barua iandikwe kwa karatasi ya kanisa yenye muhuri, kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa, nakala kwa Mkuu wa Gereza. Itaje majina kamili ya wote watakaoingia na namba zao za NIDA, siku na saa mnazoomba, na shughuli kwa maneno ya wazi: ibada, mafundisho, ushauri, kufundisha kufuma. "Huduma za kiroho na kijamii" ni maneno ya kujaza karatasi; afisa anataka kujua mtafanya nini kati ya saa nane na saa tisa. Ofisi ya mkoa ndiyo itakayowaambia kama kibali kinaishia pale au kinapanda Makao Makuu Dodoma. Msianze kwa kupiga simu kwa afande mnayesali naye. Akihamishwa, na kibali chenu kimehama.

Haki ya kufikiwa na kiongozi wa dini si hisani ya mtu. Katiba yetu inalinda uhuru wa dini katika Ibara ya 19, na kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 kuhusu wafungwa, zinazojulikana kwa jina la Mandela, zinasema mfungwa asinyimwe kuonana na kiongozi wa dini. Kanuni hizo hizo zinasema asiyetaka kuonana naye aheshimiwe. Ukiijua sehemu ya kwanza bila ya pili utasumbua watu.

Kibali kikitoka, ombeni kumwona askari wa kike anayesimamia upande wa wanawake, peke yake, kabla ya ziara ya kwanza. Yeye ndiye gereza lenu. Muulizeni siku ipi inafaa: siku za kesi karandinga linapeleka mahabusu mahakamani na nusu ya watu hawapo, na jioni wafungwa huhesabiwa na kufungiwa mapema kuliko mnavyodhani. Muulizeni pia wako wangapi, wangapi mahabusu na wangapi wafungwa, wajawazito wangapi, watoto wangapi. Kanuni za kimataifa zinataka wanawake wasimamiwe na askari wa kike, na askari wa kiume asiingie kwao bila kufuatana na wa kike. Basi mchungaji wenu wa kiume naye asishangae akiambiwa asubiri nje.

3. Getini

Simu, pesa na funguo zibaki nyumbani au kwa dereva. Msivae rangi ya chungwa, ndiyo sare ya wafungwa, wala kitu chochote kinachofanana na magwanda. Kitenge na viatu vya chini vinatosha. Kaeni kwenye upekuzi kwa utulivu. Mama mchungaji anayelalamika kupekuliwa amefunga mlango kwa wenzake.

Hampokei karatasi wala hampeleki. Barua ya mfungwa hupita ofisini. Atakayekunong'oneza namba ya simu ya mwanaye umwambie, "Tutamwambia afande tuiandike mbele yake." Hapo ndipo wengi wanaponasa, kwa sababu ombi lenyewe ni la huruma kabisa: namba tu, ya mtoto tu. Lakini siku moja hiyo namba itakuwa ya shahidi wa kesi, na huduma yote itasimama.

4. Mzigo

Andikeni orodha baada ya kuongea na yule askari wa kike. Mnavyovionea huruma vyaweza kuwa visivyoruhusiwa au visivyohitajika. Chakula kilichopikwa nje ni suala la kuuliza mapema, na msikikasirikie kikikataliwa.

Pedi ni za kwanza. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2010 kwa ajili ya wanawake walio magerezani, zinasema wapewe taulo za kike bure. Katika nchi maskini bajeti huwa imeisha kabla ya kufika huko. Pakiti ya kawaida ina pedi 8, na kuna mwanamke ambaye haimtoshi mwezi. Pedi bila nguo ya ndani ni kazi bure, kwa hiyo pelekeni nguo za ndani mpya, za saizi kubwa kwa ndogo. Pedi za kufua zinasifiwa sana, na ni kweli zinaokoa pesa, ila zinataka maji ya kutosha, sabuni na jua. Mwanamke anayeona haya kuanika kitambaa chake uani mbele ya wenzake atakianika chini ya kitu kingine, hakitakauka, na ataugua. Ulizeni kwanza kama kuna kamba ya kuanikia iliyojificha. Kama haipo, ombeni kuifunga. Kamba na kipande cha kanga vinasaidia kuliko boksi zima.

Baada ya pedi: sabuni ya mche, mafuta ya kupaka, dawa ya meno. Kigoma tuna sabuni za mawese zinazotengenezwa na vikundi vya kina mama wenyewe, na ni nafuu kuliko za dukani. Kwa wenye watoto wachanga pelekeni mbeleko, nepi za kitambaa na unga wa uji, mkimwonyesha kwanza mhudumu wa afya wa gereza.

Gawieni sawa, mbele ya wote, mkisimamiwa na askari. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zamani za misafara, na Tabora vilevile, ndani mtawakuta. Mama wa Kiislamu apate kipande chake cha sabuni bila kuketi kwenye ibada yenu, na apewe kabla ya ibada ili asione kama analipwa. Nina msimamo mkali hapa. Sabuni inayotolewa kwa waliookoka tu si sadaka, ni mtego, na wanawake wale wamekwisha kutegwa vya kutosha.

5. Kikao chenyewe

Ketini chini, juu ya mkeka, kwa duara. Ukisimama mbele yao wakiwa wamepanga mstari, umekuwa mmoja wa wale wanaowahesabu.

Jitambulisheni kwa majina, kisha mwulize kila mmoja angependa kuitwaje. Zoea letu la kumwita mtu "Mama Fulani" kwa jina la mwanawe lina hatari mle ndani. Yumo ambaye mtoto huyo amekufa, na kifo chenyewe ndicho kilichomleta. Usikisie. Akisema "niite Dada tu", mwite Dada. Mzee mwite Bibi au Mama, umwamkie kwa shikamoo kama ungemwamkia nyumbani kwake. Kuna bibi aliyekaa ndani miaka bila kuamkiwa na mtu mdogo kwake.

Usiulize kosa. Si siku ya kwanza, si ya tano. Atakayetaka kusema atasema, na akisema, usitoe hukumu wala usitoe ahadi. Kumbuka kwamba mahabusu bado hajatiwa hatiani, na Katiba, Ibara ya 13, inakataza kumtendea kama mkosaji. Mwalimu wa Biblia anayefungua kikao cha kwanza na habari za yule mwanamke mzinzi wa Yohana 8 hamaanishi vibaya, lakini amemhukumu mtu kabla ya hakimu. Anzeni na Hajiri wa Mwanzo 21, yuko nyikani na mwanawe, maji yamekwisha kiribani. Au Hana, aliyelia hekaluni kuhani akadhani amelewa. Wapo mle walioingia kwa kesi za gongo, na nakuhakikishia watacheka, na kicheko ni nusu ya kazi. Kuna pia Paulo na Sila katika Matendo 16, inayopendwa kuliko zote kwa ajili ya ile milango iliyofunguka. Isomeni, ila msikatie kwenye milango. Endeleeni mpaka pale ambapo hakuna mfungwa aliyekimbia na mlinzi wa gereza akaandaa chakula nyumbani kwake. Afande aliyesimama mlangoni naye anasikiliza.

Somo lisizidi dakika 20. Muda unaobaki ni wa nyimbo, na wa kimya. Waacheni wao waanzishe wimbo, wengi wanazijua za makanisa ya kwao. Wa Moravian, Katoliki, Anglikana, Pentekoste wamechanganyika na haina haja ya kuwatenga. Maombi ya kukemea mapepo kwa kelele muyaache nyumbani. Katika chumba kidogo, mbele ya watoto, kwa mtu aliyepigwa maisha yake yote, sauti ya kufokewa ni ile ile tu, hata ikitaja jina la Yesu. Na msimwambie mwanamke yeyote kuwa ana pepo. Mkanda huu wa magharibi wanawake wazee wamekufa kwa maneno ya namna hiyo.

Ubatizo usiharakishwe. Atakayeomba aandaliwe kwa miezi, kwa idhini ya uongozi wa gereza, na ajue kwamba akikataa leo hamtamtazama vibaya mwezi ujao.

Mkifundisha kufuma vitambaa au kusuka vikapu, sindano na mikasi vihesabiwe mkiingia, vikihesabiwa mkitoka, na askari asaini daftari lenu kila mara. Idadi isipotimia hakuna anayeondoka, hata kama basi la mwisho linapita.

6. Kesi: kusaidia bila kujifanya wakili

Hapa ndipo mwanamke masikini anapopoteza miaka kwa kukosa mtu wa kumweleza. Msimfundishe la kusema mahakamani. Lakini kuna mambo matatu kila mjumbe ayajue.

Kwanza, rufaa ina saa yake. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi akitaka kukata rufaa Mahakama Kuu, anatoa kusudio la rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Aliye gerezani hupitishia rufaa yake kwa Mkuu wa Gereza. Mahakama Kuu iko Tabora na iko Kigoma pia. Kwa hiyo, mwanamke akirudi na kifungo wiki hii, swali lenu la kwanza kwake baada ya salamu ni, "Umeshawaambia ofisini kama unataka kukata rufaa?" Msisubiri ziara ya mwezi ujao.

Pili, dhamana. Mauaji, uhaini na wizi wa kutumia silaha havina dhamana, na kesi ya mauaji husubiri vikao vya Mahakama Kuu, ndiyo maana utawakuta waliosikia "upelelezi haujakamilika" mpaka wakaacha kuhesabu. Ila wapo ambao dhamana iko wazi na hawana mdhamini tu. Kazi ya kikundi ni kumtafuta ndugu: kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, kumweleza kaka yake kwamba inahitajika barua ya utambulisho na kitambulisho. Ninyi wenyewe msidhamini. Mdhaminiwa akitoroka, mdhamini ndiye anayebanwa, na baada ya hapo hakuna mama mwingine atakayekubali kuja.

Tatu, faini. Kuna aliyefungwa kwa sababu hakuwa na pesa ya faini siku ile. Mkichangishana, ulizeni mahakamani kiasi kinachodaiwa siku hiyo, mlipe kwa namba ya malipo ya serikali, na mchukue stakabadhi. Asipewe mtu pesa mkononi, awe nani.

Mengine yote ni ya wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na inataka mtu aliye kizuizini awezeshwe kupata msaada huo. Ulizeni Ustawi wa Jamii au Maendeleo ya Jamii kwenye halmashauri wawape majina ya waliosajiliwa katika wilaya yenu.

7. Watoto

Mtoto anayenyonya anaweza kukaa na mama yake ndani. Ulizieni kadi yake ya kliniki na chanjo, na mkipata nafasi mpelekeeni mpira au kitu cha kuchezea kisicho na chuma. Lakini maumivu makubwa ni ya walioachwa nyumbani.

Kwa ruhusa ya mama na kwa kumjulisha Afisa Ustawi wa Jamii, mjumbe mmoja atumwe akawaone. Akirudi asilete "wazima kabisa, wanakusalimia". Mama huyo anataka kujua Juma yuko darasa la ngapi, analala kwa nani, kidonda cha mguuni kilipona, nani anamnunulia daftari. Andikeni majibu hayo kwa kalamu kabla hamjasahau. Kama mtoto ameacha shule, semeni, na semeni mmefanya nini.

Habari mbaya zina utaratibu wake. Msiba, au mume kuoa, haisemwi mwishoni mwa kikao halafu mkaaga, akafungiwa nayo usiku kucha. Mwelezeni kwanza askari wa kike. Kisha mwambieni mama mwenyewe mwanzoni mwa ziara, pembeni, mkiwa wawili, mmoja akae naye mpaka muda uishe huku wengine wakiendelea na somo. Ombeni mwenzake wa karibu alale jirani naye.

8. Kutoka

Anzeni kupanga miezi mitatu kabla. Ofisi inajua tarehe yake. Kwa wafungwa wengi theluthi moja ya kifungo hupunguzwa kwa tabia njema, kwa hiyo msihesabu wenyewe kwa vidole. Vilevile kuna msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, ambao kwa kawaida hutangazwa 26 Aprili au 9 Desemba, na wajawazito na wenye watoto wanaonyonya mara nyingi hutajwa. Siku hizo mbili zikikaribia, muwe na nauli na gauni la kubadilisha mkononi, kwa sababu mtu anaweza kuambiwa asubuhi na kuwa barabarani mchana.

Kabla hajatoka, mjumbe aende kijijini kwao. Aonane na mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji, na familia zote mbili, ya aliyefungwa na ya aliyekosewa kama wanaishi jirani. Kuna kesi ambazo kurudi ni kwenda kuuawa, na jibu hilo huwezi kulipata ukiwa mjini. Wazee wa kanisa la pale pale wanasaidia kuliko sisi tuliotoka mbali, na kama ni mji wa Waislamu, imamu ni mtu wa kumwona bila kuchelewa.

Anayekubaliwa nyumbani apelekwe na mama mmoja mpaka mlangoni, mchana. Asiyekubaliwa tafutieni chumba cha kupanga sehemu kama Gungu au Katubuka, au Ipuli na Ng'ambo kwa Tabora, kodi ya miezi mitatu ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, pamoja na godoro, jiko la mkaa na mtaji wa kitu anachokijua. Kama alikuwa akiuza dagaa, arudi kwenye dagaa. Msimgeuze fundi cherehani kwa sababu kanisa lina cherehani. Aingie VICOBA ya mtaa kwa hisa ndogo, na ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambamo wanawake wana asilimia 4, aitafute akiwa ndani ya kikundi kinachomfahamu na siyo kikundi kilichoundwa kwa ajili ya fomu.

Kanisani asisimamishwe kutoa ushuhuda. Aketi benchi analotaka. Mchungaji akiulizwa huyu mama mgeni ametoka wapi, ajibu kwamba amehamia mtaa huu, na mjumbe aliyekuwa akimtembelea aendelee kupita kwake kila wiki mpaka kodi ya pili ailipe mwenyewe.